Do Inakaa Wapi? Shapu na Flati za Mwanzo wa Mstari

Hotuba kwa walimu wa kwaya na wapigaji wa bendi, Jinja, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu wa kwaya mliotoka Iganga, Kamuli na Bugiri, vijana wa bendi, na ndugu zetu mliofunga safari kutoka Busia: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nitasema juu ya kitu kimoja tu. Ni zile shapu (alama za kupandisha sauti nusu hatua) na flati (za kuishusha nusu hatua) zinazojipanga mwanzoni mwa kila mstari wa nota, mara tu baada ya klefu, ile alama kubwa inayotupa majina ya mistari. Nitaziita alama za kii, na kii ni ile sauti ambayo wimbo unaifanya makao yake, yaani do. Nimefundisha kwaya na bendi katika mji huu kwa muda mrefu, na nimeona jambo linalojirudia. Mtu anajifunza majina ya mistari na nafasi vizuri. Anajifunza mapigo. Akifika kwenye alama za kii anapewa orodha: shapu moja ni G, shapu mbili ni D, shapu tatu ni A. Anaikariri kama mtoto wa shule anavyokariri majina ya wilaya. Mtihani ukipita, orodha nayo imekwenda. Simlaumu. Orodha isiyo na sababu haikai kichwani, na sababu yenyewe hakuna aliyempa.

Basi leo tuitafute sababu. Na nina furaha kwamba natafuta pamoja na watu wa solfa, wanaosoma nyimbo kwa do, re, mi, kwa maana nyinyi nusu ya safari mmeshaimaliza, ingawa wengi wenu hamjui.

Mkipewa karatasi iliyoandikwa juu "Do ni G", mnashika sauti nne bila wasiwasi. Mkiwekewa wimbo ule ule kwenye mistari mitano, chumba kinanyamaza. Lakini tazameni: ile shapu moja iliyokaa pale mwanzoni haisemi neno jingine lolote ila "Do ni G". Ni tangazo lile lile. Solfa inalitangaza kwa maneno, nota za mistari zinalitangaza kwa alama. Ukilishika hili, mengine yote nitakayosema ni ufafanuzi tu.

Solfa yetu ilianzia Uingereza. Mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich ndiye aliyeutengeneza mfumo wa kwanza ili awafundishe watoto kuimba, kisha mchungaji John Curwen akauchukua katika miaka ya 1840, akaurekebisha na kuusambaza. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, wale wa Kikatoliki mwaka 1879, na nyimbo za ibada zikaenea pamoja na makanisa na shule. Solfa ikapendwa kwa sababu nzuri: inaandikika kwa herufi za kawaida. Mwalimu mwenye ubao na chaki hahitaji kitu kingine. Nawasikia siku hizi baadhi ya waliosoma muziki vyuoni wakiisema vibaya, kwamba ni maandishi ya watu wasiojua nota. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Solfa inamfundisha mtu kusikia uhusiano wa sauti na do, na uhusiano huo ndio kii yenyewe. Mtu anayejua majina ya nota zote lakini hasikii do iko wapi, huyo bado hajaanza kusoma.

Sasa, do haina makao ya kudumu. Leo inakaa G, kesho inakaa E flati, na wimbo ni ule ule. Tunaihamisha kwa sababu ya makoo ya watu. Soprano wakibanwa juu, mwalimu anashusha. Besi wakizama mpaka hawasikiki, anapandisha. Kinachobaki bila kubadilika ni umbali kati ya sauti na sauti: mi kwenda fa ni nusu hatua, ti kwenda do ya juu ni nusu hatua, na kwingine kote ni hatua nzima. Nusu hatua mbili, hatua nzima tano. Hilo ndilo umbo la skeli ya meja, na ni lazima lisafiri pamoja na do kila inakokwenda.

Hapa nataka tuache kinanda kidogo twende kwenye mbao.

Wengi wenu mnaijua amadinda ya Buganda, ala ya mbao zinazopigwa kwa vijiti, na hapa kwetu Busoga tuna embaire, ambayo mbao zake kubwa hulazwa juu ya shimo na wapigaji wakaketi pande zote mbili. Chukueni amadinda. Ina mbao 12. Wapigaji wawili, omunazi na omwawuzi, wanapokezana mapigo yao, kila mmoja akijaza pengo la mwenzake, na wa tatu, omukoonezi, yuko kwenye mbao mbili za juu kabisa, akizirudia sauti zinazoangukia mbao mbili za chini. Oktavu ya chombo hiki, yaani umbali wa sauti mpaka ile ya jina lake juu, imegawanywa hatua tano zinazokaribia kulingana. Zingelingana kabisa, kila moja ingekuwa senti 240 (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti na sauti), wakati hatua nzima ya kinanda ni senti 200 na nusu hatua ni 100. Fundi anaichonga kwa sikio lake, kwa hiyo chombo na chombo vinatofautiana kidogo, lakini huwezi kukuta humo nusu hatua.

Na wapigaji wa amadinda wana utaratibu wa kuuhamisha wimbo. Wimbo ule ule unaanzishwa kwenye ubao mwingine, na mwendo wote unasogea nao. Nafasi hizo huitwa miko, na ziko tano. Sasa jiulizeni: wimbo ukisogezwa hivyo, kuna ubao unaobadilishwa na kuwekwa mwingine? Hakuna. Kwa kuwa hatua zinakaribiana, popote unapoanzia unakuta njia ile ile mbele yako.

Skeli ya kinanda haiko hivyo. Hatua zake si sawa. Zile nusu hatua mbili zimekaa mahali maalumu, na kwenye vibonyezo vyeupe hazihami: ziko kati ya E na F, na kati ya B na C, basi. Ukiihamisha do bila kurekebisha chochote, nusu hatua zinabaki nyuma, na wimbo unaharibika sura. Shapu na flati za mwanzo wa mstari zina kazi hiyo moja, kuzirudisha nusu hatua mahali pake baada ya do kuhama.

Nimelisema hili kwa kirefu kwa sababu nimewasikia watu wazima, tena wanamuziki, wakidai kwamba nota za mistari si za Mwafrika. Mpiga amadinda anauhamisha wimbo katika nafasi tano bila karatasi. Wazo la kuhama kwa do analo mikononi. Kinachomwongezekea kwenye mistari mitano ni hesabu ya nusu hatua tu.

Dada yetu aliye kwenye kinanda, tupigie tafadhali kutoka C mpaka C, vyeupe peke yake. Do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Vizuri. Sasa anzia G, bado vyeupe peke yake, taratibu.

Mmesikia? Mpaka la kila kitu kiko sawa. Halafu pale palipopasa kuwa na ti, imekuja sauti iliyolegea. Watu wa solfa mnaijua, hiyo ni ta. Kutoka E kwenda F ni nusu hatua, na sisi hapo tulihitaji hatua nzima. Ipandishe ile F, bonyeza cheusi kilicho kuliani kwake. Sasa ni F shapu, na kutoka hapo kwenda G ni nusu hatua, ti inaivuta do kama inavyopaswa. Hiyo ndiyo shapu moja ya kii ya G. Inaandikwa kwenye mstari wa tano, ule wa juu kabisa, katika klefu ya G, ile wanayoisoma soprano, kwa kuwa hapo ndipo F inapokaa.

Tupigie kutoka F mpaka F, vyeupe tu. Hapo kasoro imekuja mapema. Do, re, mi, halafu badala ya fa tumepata sauti iliyopanda kupita kiasi, nayo mnaijua kwa jina: fe. Ishushe ile B. Sasa A kwenda B flati ni nusu hatua, na skeli imetulia. Flati moja, kii ya F. Katika klefu hiyo hiyo mtaiona kwenye mstari wa kati.

Sasa naomba mniangalie vizuri, maana hapa ndipo solfa inapowalipa. Mnapoimba wimbo ulio katika C, mara nyingi katikati mnakutana na fe. Wimbo unaelekea so, na kwa muda mfupi so inajifanya do. Fe katika kii ya C ni nota gani? Ni F shapu. Wimbo ukihamia G moja kwa moja na kukaa huko, ile fe inakuwa ti ya nyumbani kupya, na mwandishi anaihamishia mwanzoni mwa mstari ili asiiandike kila mara. Upande wa pili, mkikutana na ta, wimbo unaelekea fa. Ta katika C ni B flati. Wimbo ukihamia F na kukaa, ile ta inakuwa fa. Kwa hiyo kila shapu mpya inayoongezwa huingia kama ti, na kila flati mpya huingia kama fa. Shapu za zamani hazifutwi. Kutoka G nenda kwenye so yake, ambayo ni D: F shapu inabaki, na C inapandishwa kuwa ti mpya. Endelea hivyo, utapata mpangilio wa shapu usiobadilika duniani kote: F, C, G, D, A, E, B. Flati zinakuja kinyumenyume: B, E, A, D, G, C, F. Ni orodha moja, isome kutoka kushoto au kutoka kulia.

Ndiyo maana huwezi kukuta wimbo wa kawaida wenye alama ya C shapu peke yake mwanzoni. C shapu haiingii kabla ya F shapu.

Kutokana na hilo, kuitafuta do hakuhitaji kukariri. Ikiwa ni shapu, tazama ya mwisho upande wa kulia. Hiyo ni ti. Panda nusu hatua, umefika do. Shapu nne: F, C, G, D. Ya mwisho ni D shapu, nusu hatua juu yake ni E. Do ni E. Ikiwa ni flati, ya mwisho ni fa. Shuka fa, mi, re, do. Flati mbili: B na E. E flati ni fa, D ni mi, C ni re, B flati ni do. Na kama mtagundua, B flati ndiyo flati iliyotangulia ile ya mwisho. Hivyo ndivyo inavyokuwa kila zinapokuwa mbili au zaidi, do iko kwenye flati ya pili kutoka mwisho. Flati ikiwa moja tu hakuna ya kuitangulia, basi ushuke kwa fa, mi, re, do mpaka F.

Kii za meja unazoweza kuandikiwa ni 15: isiyo na alama, saba za shapu, saba za flati. Msihangaike nazo zote. Anzeni na zile za mpaka shapu tatu na flati nne. Sehemu kubwa ya vitabu vyetu vya nyimbo vya kanisa inaishia humo.

Mambo madogo nitayapita haraka. Alama iliyo mwanzoni inatawala nota zote zenye jina hilo, za juu na za chini, hata kama haikuandikwa kwenye mstari wao. F shapu ni F zote. Alama iliyoandikwa katikati ya wimbo, mbele ya nota moja, inadumu mpaka mwisho wa kipimo kile tu, yaani mpaka mstari wima unaofuata. Nachurali inaondoa shapu au flati. Na kii ikibadilika katikati ya wimbo, kwa kawaida mtaona mistari miwili wima na alama mpya baada yake. Tazameni mbele kabla ya kuanza kuimba, msije mkakutana nayo mkiwa katika mwendo.

Maina inahitaji uangalifu zaidi. Flati tatu zinasema do ni E flati. Lakini kuna nyimbo ambazo hazilali kwenye do, zinalala kwenye la. La ya E flati ni C, na wimbo huo tutasema uko katika C maina. Alama ni zile zile, nyumba ni nyingine. Utazijuaje? Tazama nota ya mwisho ya besi. Ikiishia E flati, ni meja. Ikiishia C, karibu hakika ni maina. Kisha tafuta B yenye nachurali. Watu wa solfa, hiyo ni se, so iliyopandishwa ili iivute la kama ti inavyoivuta do. Ukiona se zinajirudia, wimbo umehamia kwa la. Walimu wenzangu, msiwanyime wanakwaya nyimbo za maina kwa kuhofia kwamba ni ngumu. Nyimbo za Ijumaa Kuu zinakosa uzito zikiimbwa zote kwa meja, na sauti zetu za besi zinapendeza sana kwenye la ya chini.

Vijana wa bendi, sijawasahau.

Mliopiga kwenye mazishi makubwa mnaijua hali hii. Kwaya imeshaanzisha wimbo, watu wanaitikia, kinanda kimeshaingia, na mpiga tarumbeta amesimama akiuliza kwa macho: ni kii gani? Anajibiwa, F. Anapiga F yake, na sauti mbili zinagombana mbele ya wafiwa. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati. Ukiandikiwa C, inayosikika ni B flati ya kinanda, hatua nzima chini. Kwa hiyo ili ulingane na kinanda, wewe unapanda hatua nzima kwenye karatasi. Kinanda kikiwa F, chenye flati moja, wewe unasoma G, shapu moja. Saksafoni alto ni ya E flati, naye katika wimbo huo huo anasoma D, shapu mbili. Watu watatu wanatazama alama tatu tofauti, na do inayosikika ni moja. Asiyezielewa alama za kii hawezi kuwaandikia hawa watatu karatasi zao, na bendi nyingi za mitaa yetu zinakwamia hapo. Vipaji vipo tele. Anayekosekana ni mtu wa kukaa na kalamu akahamisha.

Kuhusu wapiga vinanda, niseme bila kumuudhi mtu. Wengi wenu mnapiga kila wimbo katika C au F, halafu mnabonyeza kitufe cha kuhamisha kii. Kimewasaidia, na Jumapili asubuhi msaada wowote ni msaada. Lakini kitufe kinahamisha sauti huku vidole vikibaki vilipo, na sikio lako linaambiwa C wakati chumba kinasikia A flati. Siku ukikalishwa kwenye piano isiyo na umeme, au kwenye ogani ya bomba, utakuwa mgeni. Nawaomba: kila mwezi chagueni wimbo mmoja mnaoupenda, mkaupige katika kii iliyoandikwa kitabuni, taratibu, mpaka vidole vizoee vyeusi vyake. Mkichagua kii mpya kila mwezi, kwa mwaka mtakuwa na kii 12, na kwenye kinanda zipo 12 tu, kwa kuwa tatu kati ya zile 15 za kuandikwa zinasikika sawa na nyingine.

Na nyinyi walimu wa kwaya, mazoezi yasianze na nota ya kwanza ya wimbo. Fungueni ukurasa, mwambieni kila mtu atazame alama za mwanzo, na mmoja wao aseme do iko wapi na kwa nini. Kwa nini ndiyo yenye faida. Kisha kwaya ipande skeli kutoka hiyo do na kushuka, huku macho yakiwa kwenye mistari, wakionyesha kwa kidole kila sauti inapokaa. Dakika tatu zinatosha. Kila juma achaguliwe mtu mwingine, na msiwape kazi hiyo soprano peke yao. Tena msiiache solfa. Andikeni d, r, m kwa penseli chini ya nota mwanzoni, halafu mpunguze kidogo kidogo: kwanza muandike za kipimo cha kwanza tu, baadaye do peke yake.

Karatasi mlizogawiwa mlangoni zina mazoezi manne, hayana maneno. Chukueni la tatu. Lina flati nne. Besi, nyinyi ndio mtakaonitafutia do leo, na nataka kujua mmeipataje. Nota ya mwisho ya sauti yenu itawaambia kama ni meja au maina. Dada, usitupe sauti ya kinanda bado. Ngoja wajibu kwanza.